Jomvu Kuu Haina A

Herufi hizo umeziona, hata kama jina lake hulijui. Ni nene, zimekatwa pembepembe kama zilizochongwa kwa shoka kwenye gogo. Hazina herufi ndogo, zote ni kubwa, na zikipangwa hubanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ziko ubavuni mwa gari za safari zinazotupita Jomvu zikielekea Tsavo. Ziko kwenye pakiti za kahawa za kuuzia wageni, kwenye fulana za ufuoni, kwenye mabango ya hoteli. Ziko pia kwenye majalada ya riwaya za Kiafrika zilizochapishwa Ulaya na Marekani, pamoja na ule mgunga na lile jua jekundu linalozama, hata kama riwaya yenyewe yahusu ofisi ya bima. Kabla hujasoma neno lenyewe, herufi zimeshakwambia: hapa ni Afrika.

Jina lake ni Neuland, na aliyezichonga ni Mjerumani.

Rudolf Koch alizaliwa Nuremberg mwaka 1876, akafanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor mjini Offenbach, akafia huko huko 1934. Alikuwa Mlutheri mshika dini, mpenzi wa kalamu na patasi, na kabla ya hapo alikuwa ameshatengeneza zile herufi za Kijerumani za kizamani zenye miiba. Neuland, yaani ardhi mpya, ilitoka 1923. Kwa kawaida mbunifu wa herufi huchora kwanza kwenye karatasi, halafu fundi mwingine huzikata kwenye chuma. Koch hakuchora. Alichukua chuma akakata moja kwa moja, jicho na mkono tu. Na kwa kuwa kila ukubwa ulikatwa peke yake, R ya ukubwa huu haikufanana sawasawa na R ya ukubwa ule. Katika habari hii yote hakuna pundamilia hata mmoja.

Sasa ilifikaje huku? Mwaka 2004 Mmarekani mmoja, Rob Giampietro, aliandika makala kuhusu swali hilohilo, na tangu niisome sijaacha kuitafuna. Anasema Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na herufi nene za mbao, za kupigia matangazo ya sarakasi na tumbaku, herufi za kelele, zisizoheshimiwa na wachapaji wa maana. Neuland ilipovuka bahari, watu waliiona ikifanana na zile. Ikawekwa katika fungu hilo: vitu vya kigeni, vya porini, vya kushangaza. Kutoka hapo ikaingia kwenye majalada ya vitabu vya watu weusi na vitabu kuhusu watu weusi, na kila jalada likawa ushahidi kwa jalada lililofuata. Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park ikachukua herufi za ukoo huu kwa jina lake, na mwaka uliofuata The Lion King ikaja na zake za kufanana nazo. Yaani mijusi iliyokufa zamani za kale na bibi yangu wa Jomvu wanaandikwa kwa mwandiko mmoja.

Wacha niseme ukweli lakini: naipenda. Ni herufi nzuri. Ukitaka neno fupi lisomwe kutoka ng'ambo ya barabara ya Nairobi, katikati ya trela mbili zinazogombania njia, hii itakusaidia kuliko zile nyembamba za kisasa zinazofanana na mifupa ya dagaa. Ni ya neno moja, mawili, si zaidi. Ukiandika aya nzima kwa Neuland ni kama kumsikiliza mtu anayehubiri kwa kipaza sauti ndani ya choo.

Na inaelewana na Kiswahili, hilo pia nimeligundua. Kiswahili kimejaa A. A ya Neuland ni pembetatu nzito yenye kitundu kidogo, kama hema au kilima. SAFARI ina A mbili kati ya herufi sita. KAHAWA, tatu kati ya sita. HAKUNA MATATA ina tano kati ya kumi na mbili, kwa hivyo ukiliandika hivyo unapata safu ya vilima, linakuwa pambo kabla halijawa neno. Nadhani ndiyo maana linauzika sana kwenye fulana. Maneno hayo Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapahapa Mombasa, waliyaimba katika Jambo Bwana mwaka 1982. Disney waliomba yawe alama yao ya biashara mwaka wa filamu, 1994, wakaipata 2003, na dunia ikashtuka 2018 baada ya Mzimbabwe mmoja kuanzisha ombi la kupinga. Kelele zote zilikuwa za maneno, na sikusikia mtu akiuliza kuhusu sura yaliyovalishwa.

Nisingejali haya yote kama kazi haingeniletea nyumbani. Ninaandika kwa malipo: matangazo, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi za watu wasiojua kusema, chochote. Mwaka jana kampuni moja ya kutembeza watalii ilinipa kazi ya kuandika broshua ya safari ya mashua kwenye hori ya Tudor, kupita mikokoni na kuteremka Jomvu Kuu kula chakula cha Kiswahili. Waliniambia niandike kwa Kiingereza na niweke maneno machache ya Kiswahili "ya kupendeza". Halafu wakanitumia mfano wa ukurasa. Juu kabisa, JOMVU KUU, kwa herufi zile. Pembeni mistari ya pundamilia. Chini mkuki.

Nimezaliwa Jomvu Kuu. Ni mji wa Waswahili wa zamani sana; Wajomvu ni mojawapo ya zile taifa kumi na mbili za Mombasa, na wazee wakianza kuhesabu taifa hizo kwenye baraza ujue chai itapoa. Tuna misikiti, mikoko, kaa, minazi, boti, na siku hizi makontena mpaka mlangoni. Pundamilia atakayefika pale atakuwa amepotea kutoka Tsavo na atahitaji nauli.

Lakini broshua ni karatasi, itatupwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba walitaka kusimamisha bango pale pwani mashua zinapoegesha, lenye sura hiyohiyo. Jina la mji, mlangoni mwa mji, miaka na miaka. Walisema watalichapisha wenyewe, bure, sisi tuwape ruhusa tu. Na bure, jamani, kwetu ni neno lenye nguvu.

Nikaenda na ule mfano kwa ami yangu.

Ami ni fundi wa kuandika mabango, kazi ambayo ameifanya tangu kabla sijazaliwa. Ameandika vibanda, vinyozi, uzito wa malori kwenye milango ya madereva, majina ya mashua. Mwaka wake mnono ulikuwa 2004, zilipokuja sheria za waziri Michuki, kila matatu ikalazimika kuzungushiwa mstari wa manjano na kuandikwa njia inayopita. Anasema walipanga foleni mpaka usiku, yeye anaandika kwa mwanga wa taa za gari linalosubiri nyuma. Mwaka 2018 ulikuwa kinyume chake. Serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe, na mipaka ya buluu. Mji ulipendeza, sikatai. Ila kuta kadhaa zilizofunikwa zilikuwa na mkono wa ami, na alizipita siku moja akaniambia ni kama kuona watu wamefuta kaburi. Stika na mabango ya plastiki yamemaliza kilichobaki.

Nilitarajia akasirike. Alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu.

"Huyu alikata kwa mkono," akasema.

Hajapata kumsikia Koch maishani mwake. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha kwa ukucha: mstari wa K haukunyooka, umefinywa katikati, O si duara, ni kitu kilichozungushwa kwa mapigo manne ya patasi. Kisha akasonya.

"Lakini U hizi n'ni? Tatu, zote pacha."

Kweli. JOMVU KUU ina U tatu, na katika ule mfano zote zilikuwa moja, hata kidoa kwa kidoa. Kompyuta imechukua U moja ikairudia. Ule ukorofi mdogo wa mkono wa Koch umegandishwa, ukawa pambo la kunakiliwa. Ami alisema mkono wa mtu hauwezi kuandika U tatu sawa hata ukilipwa, na ukiweza basi huyo fundi hakuwa akifikiria.

Kisha akanipa darasa ambalo chuo kikuu, kwa muda niliokaa kabla ya kuondoka, hakikunipa. Kwa nini mabango yetu yana herufi nene za pembe? Si kwa sababu ya ngoma wala vinyago. "Wajua, O yala wakati," akasema. Brashi yake ni bapa. Brashi bapa hupenda mstari mnyoofu, pigo moja juu chini, umemaliza. Mviringo wataka uzungushe kifundo cha mkono huku rangi ya mafuta inateremka. Na ukiandika kwenye mabati yenye mawimbi, S yaweza kuvunjika mara tano kabla haijafika mwisho, pembe huvumilia. Tena mteja wa kibanda anataka rangi moja, mara moja, isomwe na mtu aliye ndani ya matatu inayokimbia. Unene wa herufi ni jua: jua la hapa hula rangi kuanzia pembeni, kwa hivyo ukiandika nyembamba, baada ya masika mawili umebaki na kivuli.

Kwa hivyo Koch na ami yangu wamefika karibu mahali pamoja, mmoja kwa patasi, mwingine kwa brashi. Mmoja herufi zake zinaitwa za Kiafrika, naye hakuwa Mwafrika. Mwingine ni Mwafrika, na herufi zake zinaitwa za bei rahisi.

Nilitaka kuishia hapo, nimwambie ami aandike bango, mambo yaishe. Ila nilipofika nyumbani nikamkuta bibi ametandaza kanga zake juani, na hapo shughuli ikapanuka.

Kama hujui kanga imekaaje: ina pindo pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno. Wanaosaka herufi za kweli za pwani hii, waanzie hapo. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, nzito, zilizonyooka, zisizo na madoido, kwa sababu linasomwa kwenye mgongo wa mtu anayetembea, tena mara nyingi anayetembea kwa makusudi mbele ya mtu fulani. Kwenye mtaa wa Biashara, kule kisiwani, Kaderdina wako tangu 1887, na kanga zao zina ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla ambayo bibi huitafuta kabla hajauliza bei. WEMA HAUOZI halihitaji kuonekana la Kiafrika. Linahitaji kusomwa na jirani.

Lakini bibi mwenyewe hawezi kulisoma. Hununua kwa kuuliza. Hunipa ncha ya kanga: "Mume wangu, yasemaje hii?" Nami humsomea. Akiipenda huiweka, asipoipenda huniambia aliyeitunga ana choyo.

Na bibi anajua kusoma, usidhani. Anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. Ana daftari za mashairi na dawa na madeni ya watu waliokufa, zote kwa mwandiko huo, mwembamba, unaoinama. Kanga za zamani zilikuwa hivyo pia, jina kwa herufi za Kiarabu, kabla hazijageuzwa. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, mji wake uliandika kwa herufi hizo. Leo bibi akipelekewa fomu yoyote ya serikali, hutiwa wino kidole gumba.

Aliyesukuma herufi za Kirumi mapema upande wetu huu alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa 1844, akahamia Rabai 1846. Rabai ni jirani zetu. Kutoka Jomvu unaviona vilima. Krapf alipendelea herufi za Kirumi kuliko za Kiarabu, na dini ilikuwa mojawapo ya sababu. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye ameshakufa. Naye pia, ukiangalia, Mjerumani. Sina ugomvi na Wajerumani, nasimulia tu.

Basi nikaona: tunagombana kama bango liwe na herufi za Koch au za ami, na zote mbili kwa bibi ni mistari tu.

Kikao kilifanyika barazani baada ya Isha. Kulikuwa na waliotaka bango la bure na hawakuona tatizo. Kijana mmoja wa boti alisema watalii wanazipenda herufi zile, na mtalii akipenda yeye anakula, na hoja hiyo sikuwa na jibu lake zuri. Nilisema jina la mji halina hata A moja. Wakanitazama. Nikaeleza: zile herufi zinapendeza penye A nyingi, zinafanya vilima. JOMVU KUU inaanza na J, halafu M na V zinakutana katikati, pembe kwa pembe, unasoma M.V. kama jina la feri ya Likoni. Watu waliteka sana. Sijui kama niliwashawishi au niliwachekesha tu, lakini mzee mmoja akasema mji si feri, na ruhusa haikutolewa. Michango ilikusanywa, elfu nne na mia tano, ya ubao na rangi. Ami hakuchukua ufundi.

Ubishi mkali ukawa wa mstari wa chini. Tulikubaliana jina liandikwe pia kwa herufi za Kiarabu, na mwalimu wa madrasa akajitolea kuchora. Kiarabu hakina V. Mwalimu, kijana aliyesoma sana, alitaka fe yenye nukta tatu, ndiyo sahihi, asikosewe mtu. Bibi akatuma ujumbe kutoka ndani kwamba wao waliandika fe ya nukta moja maisha yao yote na hakuna aliyewahi kupotea njia ya kuja Jomvu. Ikawa wiki nzima ya nukta. Mwishowe nukta tatu zikashinda, kwa sababu mwalimu ndiye aliyeshika brashi.

Ami aliandika juu, rangi nyeusi juu ya nyeupe, herufi nene za pembe, bila kuchora kwanza, uzi wa chaki tu wa kushika mstari. U tatu, kila moja na tabia yake. Ya mwisho imepinda kidogo kushoto kwa sababu ubao ulikuwa unakwisha. Kampuni ilinilipa broshua wiki tatu baadaye, na ilipotoka ilikuwa na pundamilia wake na mkuki wake, kama walivyopanga.

Ijumaa moja nilimshika bibi mkono tukateremka mpaka pwani, polepole, maji yamekupwa, harufu ya matope ya mikokoni imejaa. Alisimama mbele ya bango muda mrefu. Alisoma mstari wa chini kwa sauti, kuanzia kulia, akahesabu nukta za fe, akaguna. Kisha akanyanyua fimbo kuelekea juu.

"Na hiyo yasemaje?"

"Vilevile, bibi. Jomvu Kuu."

"Vilevile?" Akaitazama tena. "Mbona basi imekuwa kubwa hivyo?"